Mkebe wa Kuka na Dawa ya Vita

Kwa miaka mingi, nyumbani kwetu upande wa Ndalu, mgonjwa hakuenda hospitali kabla hajapitia kwa kuka. Kuka ni babu, baba yake baba yangu, na chini ya kitanda chake palikuwa na mkebe wa bati wa rangi ya jeshi, umebonyea upande mmoja. Ndani ya mkebe kulikuwa na kapsuli. Za rangi mbili, za rangi moja, na nyingine zimefifia mpaka huwezi kujua zilizaliwa na rangi gani. Mtoto akikohoa, kapsuli mbili. Jino likiuma, mbili. Mama mmoja alitembea siku tatu kutoka Saboti (sawa, alipanda gari, lakini alifika amechoka kama aliyetembea) akapewa mbili za kuku wake waliokuwa wakisinzia. Kama kuku walipona au walichinjwa sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba sifa za mkebe zilifika Bungoma kabla yule mama hajafika kwake.

Kuka hakuwa daktari. Katika vita vya pili vya dunia alikuwa dresa wa jeshi, mtu wa kufunga vidonda, kwenye hospitali ya mahema huko Misri. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati wa mambo haya, alikuwa amepita themanini, lakini bado alikunja blanketi lake asubuhi kama anayesubiri kukaguliwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa posho mill pale Kiminini. Niliacha shule darasa la saba, nikasaga mahindi ya watu miaka kumi na tano, kisha nikiwa na ndevu na watoto wawili nikaingia masomo ya ngumbaru, yale ya jioni. Tulisomea ukumbi wa kanisa, saa kumi na moja mpaka saa moja, kabla giza halijakolea. Niliingia darasani mweupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, mwalimu wa hesabu akawa ananiita mzungu. Na kwa sababu ya kelele za mashine nilikuwa najibu maswali kwa sauti ya kuwaamsha watu wa Uganda. Mtihani wa kidato cha nne nilipita. Ningeweza kuandika kurasa mia kuhusu cheti hicho, lakini leo nimekaa kuandika habari za mguu wa kuka.

Kila Krismasi, ukoo ukikutana, kuka alisimulia habari za dawa ya vita. Ilikuja Misri kwenye chupa ndogo, alisema, na ilikuwa kidogo mno. Magazeti ya Waingereza yaliisifu kama mfalme. Askari wetu wengine waliamini kwamba aliyedungwa hafi tena, wengine wakasema ni sumu inajaribiwa. Mgonjwa mmoja alilindwa na askari mmoja, lakini chupa ya dawa ililindwa na wawili.

"Na haikupewa mwenye kuumia sana," angesema. "Ilipewa mwenye kurudi vitani haraka. Wale wenye ugonjwa wa kutoka kwa wanawake wa mjini walidungwa mbele ya mtu mwenye risasi kwenye paja."

"We mzee!" Kukhu, nyanya yangu, angeingilia. "Watoto wako hapa. Na juzi tu tumetoka kanisani."

"Si ni kweli? Huyo mwenye risasi angelala miezi. Huyu wa wanawake siku mbili tu anashika bunduki. Hiyo ndiyo siasa ya dawa."

Hapo watu walicheka kidogo. Walicheka zaidi akisema kwamba dawa yenyewe ilitoka kwenye kuvu, ati wazungu walikuwa wanafuga kuvu kama sisi tunavyofuga kuku. Mimi nilikuwa nikirudisha magunia ya watu kwa sababu ya kuvu, na nilicheka kuliko wote. Lakini nyumba ilianguka kwa kicheko alipofika kwenye mkojo. Dawa ilipokuwa karibu kuisha, alisema, yeye kuka alipewa kazi ya kukusanya mkojo wa ofisa mmoja aliyekuwa anadungwa, kila tone, kwenye chupa, akaupeleka hema la nyuma ambako dawa ilitolewa mkojoni itumike tena.

Baba mdogo, mtoto wake wa mwisho, alikuwa karani wa serikali Bungoma, mtu wa kuvaa tai hata akipalilia mahindi. Kila mwaka alingoja neno mkojo, kisha akainua kikombe. "Mama, ongeza chai hapa. Lakini isiwe ile ya Misri!"

Kicheko kilikuwa kinainua mabati. Kuka naye alitazama vidole vyake. Nilidhani anatafuta uongo mwingine.

Sasa, mwaka huo, mvua zikiwa zimeanza, kuka alikuwa anakatia ng'ombe majani ya napia na panga likamkata muundi wa mguu. Kidonda hakikuwa kikubwa. Alifanya walivyofanya watu wote kwetu: alifungua kapsuli, akamwaga ule unga wake kwenye kidonda, akafunga na kitambaa. Kikawa kibaya. Akaenda zahanati ya Kiminini, akapewa kapsuli za wiki moja. Akameza za siku mbili, kidonda kikaanza kukauka, akaacha. Zilizobaki zikaingia kwenye mkebe. Baada ya wiki tatu kidonda kikaamka. Akarudi, akapewa nyingine, akameza za siku mbili, mkebe ukapata chakula. Ikawa hivyo mpaka mahindi yakabeba. Mguu ulikuwa umevimba, nisiongeze chumvi, kama gunia la debe nne, na harufu yake uliisikia kabla hujaona nyumba.

Tulimpeleka hospitali Kitale, mimi na baba mdogo. Daktari alikuwa kijana mpole. Alifungua kitambaa, akatazama, akauliza, "Mzee, dawa unazopewa unamaliza?"

"Naendelea nazo," kuka akasema.

Na kweli alikuwa anaendelea nazo, tangu Aprili.

Daktari akaweka kiganja chake chini ya goti la kuka, kama mtu anayepima mbao. "Hii ikiingia kwenye mfupa, tutakata hapa. Bado haijaingia. Nakupa ya siku kumi na nne. Ukiruka hata moja, mzee wangu, mguu si wako tena."

Kuka alijibu kwamba mguu huo ulienda Misri na ukarudi, na kwamba yeye hatazikwa vipande vipande. Kwetu mtu kuzikwa bila mguu si jambo dogo. Wazee wangeuliza mguu uko wapi, na nani aliruhusu. Basi baba mdogo akaamua kumchukua akae naye Bungoma amsimamie. Asubuhi, mchana na jioni alimpa kapsuli mkononi, akampa maji, akamtazama akimeza. Siku ya kwanza vizuri. Ya pili vizuri. Siku ya tano mke wa baba mdogo alitaka kufua koti la jeshi la mzee, koti ambalo halijawahi kuona sabuni tangu uhuru, akakuta mfukoni leso imefungwa fundo. Ndani kulikuwa na kapsuli tisa, zimelowa mate na zikakauka tena. Zilikuwa zinakaa chini ya ulimi mpaka msimamizi ageuke.

Nilikuwa nimefika siku hiyo kuwajulia hali, kwa hivyo yaliyosemwa niliyasikia kwa masikio yangu.

"Baba, unataka kufa?"

"Sitaki."

"Sasa hizi ni za nini?"

"Hizo si zangu. Ni za mwenye kuja."

"Nani anakuja? Hapa Bungoma nani anakuja?"

Baba mdogo, na tai yake, akapandwa na hasira. "Hizi ni zile akili za mkojo wa Misri! Miaka yote tunasikiliza uongo, sasa uongo unakukata mguu!"

Kuka aliinuka. Akaomba koti lake, ambalo lilikuwa majini, akalivaa likichuruzika, akasema anarudi kwake. Alirudi Ndalu siku hiyo hiyo na mimi nimemshika mkono. Kuanzia hapo mtu akitaja Kitale aligeuza uso ukutani. Kukhu alilia. Baba mdogo alipiga simu kwa jirani mwenye simu, mara tatu, na kuka hakutoka nje kuipokea.

Wiki iliyofuata nilienda darasani kwa sababu tu nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani. Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa nesi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya wodi, ambaye tulimwita sista. Jioni hiyo alikuja na sahani imefunikwa. Akafunua: ugali wa wiki nzima, umeota manyoya ya kijani.

"Hiki ni nini?"

"Kuvu," tukajibu. Mimi nikaongeza, "Na ikiwa kwenye mahindi ya mtu, sisagi."

"Hiki unachokataa kusaga," sista akasema, "ndugu yake mmoja ameponya watu wengi kuliko madaktari wote wa Kitale na Bungoma." Akatueleza jinsi penisilini ilivyotolewa kwenye kuvu, na jinsi vita vilivyoifanya ipiganiwe. Wazungu walianza kuifuga kwa wingi kwenye matangi. Akasema ilikuwa haba hata wakubwa wakabishana nani adungwe kwanza, na kuna mahali walitanguliza wagonjwa wa zinaa kwa sababu hao wangerudi vitani upesi. Kalamu yangu ilisimama. "Na mwanzoni kabisa," akaendelea, akifunika ugali wake, "ilikuwa kidogo hivi kwamba walikusanya mkojo wa mgonjwa aliyedungwa, kwa sababu dawa nyingi hutoka hukohuko, wakaichuja wamdunge nayo tena."

Niliruka. Sisemi nilisimama, niliruka, na benchi likaanguka pamoja na watu wanne.

"Umeumwa na siafu?" sista akauliza.

"Sista, rudia hiyo ya mkojo!"

Darasa likaangua kicheko. Mama mmoja wa sokoni aliyekaa nyuma akasema, "Wacheni bana, mtu wa posho mill amepata biashara nyingine." Lakini sista alikuwa ananiangalia, na nilipomweleza habari za kuka, mkebe, mguu na Misri, hakucheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Aliubeba kwa mkono wake mwenyewe?"

"Ndivyo anavyosema."

"Jumamosi unanipeleka."

Jumamosi mchana tukafika. Nilimwambia kuka kwamba nimeleta mwalimu, sikutaja unesi. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda. Sista alimwamkia, akavuta kiti, na badala ya kutazama kidonda akauliza, "Mzee, zile chupa za mkojo mliweka alama gani?"

Kuka akanitazama kama mtu aliyetegewa mtego. "Umekuja kucheka na wewe?"

"Nimefanya kazi wodini miaka thelathini. Nauliza kwa sababu chupa zikichanganyika kazi imeharibika."

Kuka akakaa wima. "Kitambaa chekundu shingoni," akasema. "Na saa imeandikwa kwa penseli. Ukiacha kwa jua inaharibika. Mimi nilifunika na gunia lenye maji."

"Uliambiwa ufunike?"

"Nilifikiri mwenyewe."

"Ulifikiri vizuri. Hiyo unayosema ni kweli, mzee. Imo vitabuni. Nimewafundisha hawa juzi."

Nimemjua kuka maisha yangu yote na sijawahi kumwona akikosa la kufanya na mikono yake. Aliiweka magotini, akaitoa, akairudisha. Halafu akasema jambo ambalo hakuna Krismasi iliyowahi kulisikia. Kulikuwa na dresa mwenzake, mtu wa huku kwetu, aliyepigwa na kipande cha bomu mgongoni. Yeye alipewa unga wa salfa tu, dawa ya zamani, kwa sababu chupa za ile dawa zilikuwa zimehesabiwa na za madresa hazikuwemo. Kuka alikuwa anapita mbele ya kitanda cha mwenzake mara nne kwa siku, amebeba dawa ya mtu mwingine ndani ya mkojo.

"Aliniambia, nimwagie hiyo kwa mgongo, hata kidogo. Nilikataa. Niliogopa kiboko. Alikata roho siku ya sita. Nikasema mimi, dawa ikiingia mikononi mwangu, sitamaliza peke yangu. Nitaacha ya mwenye kuja."

Kukhu, aliyekuwa anatoka jikoni na sufuria, alisimama hapo hapo. Miaka hamsini na kitu ya ndoa, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia.

Sista alimwacha apumue. Kisha akaomba mkebe. Nikauleta. Akazichambua kapsuli kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua maharagwe.

"Mzee, kuruta akipigwa kidogo tu kisha akaachiliwa, anakuwa nani?"

"Anakuwa mkali. Anajua mbinu yako."

"Wewe unawapiga hawa wadudu siku mbili, unawaachilia. Wanarudi masajini. Na hizi mbilimbili unazogawa, kwa kila mtoto umefundisha kikosi. Hujamwachia mwenye kuja dawa. Umemwachia wadudu waliokwisha pita mafunzo."

Maneno hayo yalimwingia. Nilitamani nimwambie sista apunguze, lakini yeye alikuwa nesi, na mguu ulikuwa unanuka.

"Kwa hivyo mtoto wa jirani niliyempa mbili akapona…" kuka akaanza.

"Alipona mwenyewe. Shukuru Mungu. Wa pili huenda asipone."

"Na nikimaliza zote, mwenye kuja atapata nini?"

"Zake zote. Sasa ziko za kutosha."

"Kila mtu anasema ziko. Hata Misri walisema ziko njiani."

Hapo sista akasema, "Twende Kitale Jumatatu, uone kwa macho yako." Kapsuli za mkebe alizimimina kwenye mfuko wa sukari akazipeleka zikachomwe hospitali. Kuka alizitazama zikienda jinsi mtu anavyotazama ng'ombe akiuzwa. Mkebe aliubakisha.

Jumatatu akalazwa. Yule daktari kijana alisema amechelewa lakini hajachelewa sana, na kwamba sasa ni sindano, kila baada ya saa sita. Nilikuwa kando ya kitanda sindano ya kwanza ilipokuja. Kuka akamuuliza nesi wa wodi, "Hii inaitwaje?"

"Penisilini, mzee. Na nyingine ya kuisaidia."

"Hii yenyewe? Si ndugu yake?"

"Yenyewe."

Akanyoosha miguu yote miwili, mzima na mbovu, akaweka mikono ubavuni, akadungwa akiwa amekaza mwili kama yuko kwenye gwaride. Ninaapa kitanda chenyewe kilisimama wima. Baada ya muda akaniita kwa kidole.

"Waulize mkojo wanaweka wapi."

"Kuka, tafadhali."

"Waulize."

Nikauliza. Nesi, aliyekuwa na wagonjwa arobaini na haraka ya wagonjwa mia, akaelekeza kwa kidevu. "Choo kiko kule mwisho. Akishindwa kutembea kuna chupa chini ya kitanda, utamwagia hukohuko chooni."

"Utamwaga?" kuka akauliza.

"Sasa mzee unataka tuuweke wapi?"

Alitumia ile chupa, nikaibeba mimi. Akasisitiza nimshike bega aje pia, akichechemea korido nzima, kwa sababu hakuniamini. Akasimama mlangoni mwa choo akanitazama nikimwaga, nikivuta maji. Alipofika kitandani akasema, si kwangu hasa, "Wanamwaga. Basi imetosha."

Sindano zile hakuruka hata moja. Alipohamishiwa kapsuli alimeza mbele ya wodi nzima, akafungua mdomo, akainua ulimi nesi akague, hata kama nesi hakuwa ameomba.

Jumapili baba mdogo alikuja kutoka Bungoma na thamosi. Nilikuwa nimemweleza yote kwa simu, na sehemu ya dresa mwenzake nilimweleza polepole. Alikaa pembeni ya kitanda, akalegeza tai, akafungua thamosi na kumimina. Yeye ni karani. Angeweza kuandika barua nzuri sana ya kuomba msamaha, lakini pale hakukuwa na karatasi.

Kuka alipokea kikombe, akakinusa kwa muda mrefu, akamtazama mtoto wake.

"Hii si ya Misri?"

"Hapana, baba," baba mdogo akasema. "Ya Misri mlimpa ofisa."

Kuka akanywa.

Mguu haukukatwa. Kidonda kilifunga wakati wa kuvuna, kikaacha kovu la urefu wa kijiko na kuchechemea kidogo anapopanda. Alikuja kunitembelea kwa mashine, amebeba makopo mawili ya gorogoro ya mahindi mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Watu wa Saboti na kwingineko hawakuacha kuja kwake mara moja. Sifa za mkebe zilichukua zaidi ya mwaka kufa. Aliwasikiliza, akawaonyesha mkebe, ambao sasa ulikuwa na misumari, na akawatuma zahanati ya Kiminini. "Uombe yako yote," aliwaambia. "Na usimwekee mtu."